Mshahara Mmoja, Midomo Tisa

Somo: Kutoka 16:13–18



Tangu mafuta yapatikane kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012, wengi hapa Lokichar wameonja kazi ya mshahara. Sasa tuchukue mfano wa walinzi wawili wa geti moja. Zamu sawa, mshahara sawa. Wa kwanza anakula peke yake. Wa pili ako na mke, watoto wanne, mama mzee, na mayatima wawili wa ndugu yake. Je, hiyo ni haki?

Wengine watasema kazi sawa, malipo sawa. Ni kweli, ujira ni haki ya aliyefanya kazi. Lakini jangwani Mungu hakugawa mana kwa kupima jasho. Alihesabu watu waliomo hemani, na kila mmoja akatosheka.

Basi mwajiri amwongeze mwenye watoto? Ngoja kidogo. Kesho akitafuta mlinzi mwingine, atamchukua asiye na watoto, kwa sababu gharama yake ni ndogo. Huruma yetu itakuwa imemfungia baba mlango. Ufaransa waliliona jambo hili. Waajiri walichangia mfuko mmoja, na mfuko huo ndio uliolipa posho ya watoto. Mwaka 1932 sheria ikawalazimu kuchangia. Kwetu Kenya, nafuu ya kodi ni shilingi 2,400 kwa mwezi kwa kila mwenye mshahara, alishe mdomo mmoja au tisa.

Mimi naona hivi: mshahara ufuate kazi, posho ifuate midomo, na mzigo wa posho tuubebe wote. Kanisa nalo ni mwajiri, kwa hivyo tuanzie kwetu.

Kijana usiye na mtoto utauliza, "Mbona nichangie watoto wa wenyewe?" Kumbuka, nawe ulikuwa mdomo katika hema la mtu.

Na wewe mzazi, posho si yako. Ikiishia kwenye pombe, umewaibia waliohesabiwa. Siku ya kuandikisha tusiazimane watoto, wala tusimfiche yatima. 1 Timotheo 5:8 inazungumzia watu wa nyumbani, haikuishia kwa wale uliowazaa.

Mwisho wa mwezi huu, kabla hujatumia shilingi ya kwanza, hesabu hema lako. Kisha tazama hema la jirani.

Mungu awabariki.