Ahadi ya Mambo Saba

Apache Ant, zana ya kujengea programu za Java iliyoanza kutolewa kama programu inayojitegemea mwaka 2000, iliwapa watumiaji wake kitu cha thamani: kiolesura kiitwacho BuildListener. Ukitaka kufuatilia ujenzi unavyokwenda, unaandika msikilizaji wako, unamsajili, naye anaarifiwa mambo saba, kila moja kwa mbinu (method) yake: ujenzi umeanza, umekwisha, lengo limeanza, limekwisha, kazi imeanza, imekwisha, na ujumbe umetoka. Basi. Watu wakaandika wasikilizaji wao, na waundaji wa Ant hawakuwa na njia ya kujua ni wangapi wala wako wapi.

Mahitaji yakakua. Ujenzi mmoja huweza kuita mwingine ndani yake, na hapakuwa na taarifa ya kusema huo wa ndani umeanza au umekwisha. Kuazima ile ya "ujenzi umekwisha" kusingefaa: msikilizaji angefunga faili lake la kumbukumbu ilhali kazi kubwa bado iko mbele. Kuongeza mbinu ya nane kwenye kiolesura kilekile kungekuwa kubaya zaidi. Msikilizaji wa zamani angepakiwa kimya kimya, kisha ujenzi ungekwama pale tu mbinu asiyokuwa nayo inapoitwa. Na wa kuumia ni mtu ambaye hakugusa hata mstari mmoja wa msimbo wake.

Ndipo katika toleo la 1.6.2 kikaja kiolesura cha pili, SubBuildListener. Kila habari ya ujenzi wa ndani inapotokea, Ant humkagua msikilizaji mmoja mmoja kama anakitekeleza, ndipo impashe. Ni kiraka, lakini kilimlinda mtu wasiyemjua, na kwa hilo nawaheshimu. Java yenyewe haikuruhusu mbinu zenye mwili ndani ya kiolesura hadi toleo la 8, mwaka 2014. Hata hivyo, wangewapa watu tangu mwanzo darasa la msingi lenye mbinu tupu za kurithi, nafasi ya kuongeza ingekuwepo.

Kukosa darasa hilo lilikuwa kosa la kwanza; la pili ni la hatari zaidi. Ant hukamata yanayoandikwa kwenye skrini wakati wa ujenzi na kuyageuza kuwa tukio la ujumbe. Sasa msikilizaji akipokea ujumbe, naye akachapisha mstari mmoja kwenye skrini, mstari huo unakamatwa, unakuwa ujumbe, anaarifiwa, anachapisha tena, bila kikomo. Nyaraka za Ant zikakataza kuchapisha hivyo, na Ant ikawa inasimamisha mambo kwa kosa. Lakini Log4jListener, msikilizaji wa Ant yenyewe, akanaswa: maktaba anayoitegemea ilitaka kuandika kwenye skrini, naye hakuwa na uwezo wa kuizuia. Tangu 1.6.3 Ant huumeza tu ujumbe wa namna hiyo. Mzunguko umekatika, ila onyo la kweli likipita hapo linapotea, na mwenye ujenzi hapati kujua kwamba lilitolewa. Watekelezaji wa BuildLogger, kiolesura kingine cha Ant, hukabidhiwa mkondo wao wa kuandikia. Msikilizaji wa kawaida hakabidhiwi. Anayebuni kiolesura kama hiki leo aanzie hapo: ampe msikilizaji pa kuandikia kabla ya kumkataza skrini.