Gitaa Lililofungiwa Sandukuni

Wako watu miongoni mwetu waliojinyima miaka miwili au mitatu, wakaweka shilingi juu ya shilingi, hata wakapata kununua gitaa la umeme. Mmoja ni mwalimu, mwingine fundi seremala, mwingine kijana wa kwaya aliyeuza mahindi yake ya misimu kadhaa. Chombo kimefika nyumbani ndani ya sanduku gumu lenye bitana ya mahameli, rangi yake yang'aa kama kioo, na jamaa wote wamekusanyika kukitazama. Furaha hiyo si dhambi. Twasema hivyo wazi tangu mwanzo, maana wako Wakristo wema wanaodhani kwamba kila kitu kizuri kilichonunuliwa kwa fedha humtenga mtu na Mungu. Mti wa gitaa ni wake Mungu, chuma cha nyuzi kilitoka katika ardhi yake, na akili ya fundi ni zawadi yake pia. (Aliyelinunua kwa ada ya shule ya watoto hatuna neno naye leo, ila aende kwanza akazungumze na mama watoto.) Swali letu la juma hili ni jingine: mtu akishakuwa na kitu akipendacho namna hiyo, akitunzeje, na akitunze kwa ajili ya nani?

Tumfikirie baba mmoja. Hatumtaji jina, kwa kuwa yumo karibu katika kila parokia. Gitaa lake limefungiwa sandukuni kwa kufuli, na ufunguo hautoki mfukoni mwake. Mwanawe mwenye miaka 14 alipojaribu kuligusa alipata kofi. Kwaya ilipoomba kuliazima kwa Sikukuu ya Pasaka, ilijibiwa kwamba watalikwaruza. Wala yeye mwenyewe halipigi, kwani achelea jasho lisije likaharibu rangi. Jumapili alasiri hulifungua, hulitazama, akalifunga tena. Je, baba huyu analo gitaa, au gitaa ndilo lililo naye?

Historia ya chombo hiki yatusaidia kujibu. Katika miaka ya 1920 bendi za dansi za Marekani zilikuwa na tarumbeta na ngoma nyingi, na mpiga gitaa alikaa katikati yake kama bubu. Alipiga kwa nguvu zake zote wala hakusikika. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni iliyokuja kujulikana kwa jina la Rickenbacker ikaanza kuuza gitaa lenye sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi wa chuma ukitikisika karibu na sumaku hiyo, umeme mdogo sana hutokea ndani ya waya, nao hupelekwa kwenye amplifaya na kukuzwa mpaka watu walio nyuma ya ukumbi wasikie. Mwaka 1950 Leo Fender wa California akaanza kuuza gitaa la ubao mzima, lisilo na uwazi ndani kama magitaa ya kale. Kampuni ya Gibson ikafuata mwaka 1952 kwa gitaa lenye jina la mpigaji Les Paul. Gitaa la ubao mzima likipigwa bila umeme, aliye chumba cha pili hasikii kitu. Basi angalieni: chombo hiki hakikubuniwa ili kitazamwe. Kilibuniwa ili mtu mwingine, aliye mbali, apate kusikia.

Hata hivyo hatumsifu kijana mzembe ambaye hulisimamisha gitaa ukutani penye jua, kuku akapita akaliangusha. Kutunza kitu ni njia mojawapo ya kumshukuru aliyekitoa, na anayesema kwamba hajali vitu vya dunia aghalabu hajali tu jasho la waliomnunulia. Yafaa basi tuseme kidogo jinsi chombo hiki kinavyotunzwa, kwa sababu wengi hulipa fedha nyingi na hawaambiwi neno hili dukani.

Mbao huvuta unyevu wa hewa na kuutoa. Masika ya pwani huivimbisha. Kiangazi cha Dodoma huikausha, hata ncha za vile vyuma vya shingoni zikachomoza na kukwaruza vidole. Wataalamu wengi hutaja unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55 kuwa ndio unaofaa, na kipimo kidogo cha unyevu chaweza kuwekwa ndani ya sanduku pamoja na gitaa. Wakati wa mvua, vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vyasaidia, ila vibadilishwe vinapokwisha nguvu. Sanduku lisilazwe sakafuni, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya mchwa, ambao hawaulizi bei ya kitu kabla ya kukila. Wala lisipandishwe juu kabisa chini ya bati, wala lisiachwe ndani ya gari juani, kwani joto hulegeza gundi na kupinda shingo. Magitaa mengi ya zamani yalipakwa rangi ya nitroselulosi, na rangi hiyo haipatani na mpira. Stendi yenye mpira ikiigusa miezi kadhaa huilainisha na kuacha kovu lisilofutika. Na kila baada ya kupiga, nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu, maana jasho lina chumvi, na chumvi huleta kutu.

Mpaka hapa yule baba mwenye ufunguo atafurahi na kusema kwamba twamuunga mkono. Asifurahi upesi. Mafundi hao hao hutuambia kwamba gitaa laweza kuharibika pia kwa kutotumiwa. Vile vifundo vya kuongeza na kupunguza sauti, visipozungushwa muda mrefu, huingiwa na vumbi na kutu, na siku vitakapoguswa hukwaruza masikioni mwa watu wote. Shimo la kuchomekea waya huwa vivyo hivyo. Tena kuna jambo la shingo. Nyuzi sita za gitaa la umeme zikikazwa kwa sauti yake ya kawaida huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 45. Ndiyo sababu ndani ya shingo mafundi huweka fimbo ya chuma ya kushindana na mvuto huo. Ukizivua nyuzi zote ukaliacha gitaa miezi mingi, fimbo ile hubaki ikivuta peke yake, na shingo yaweza kupinda kuelekea nyuma. Yule aliyedhani amelipumzisha amelipindisha.

Twawaomba wasomaji walikumbuke fumbo la talanta katika Injili ya Mtakatifu Mateo. Aghalabu twamhubiri yule mtumishi wa tatu kama mvivu, na Bwana mwenyewe alimwita hivyo. Lakini tumsikilize alivyojieleza. Asema aliogopa. Hakuiba ile talanta, hakuila, hakuipoteza. Aliifukia, akairudisha nzima. Kwa mahakama ya wanadamu hana hatia, tena wengi wetu tungempa kazi ya kutunza stoo. Mbele ya bwana wake alikuwa amekwisha poteza, kwa sababu aliona heri kitu kibaki vile vile kuliko kifanye kazi ya kitu. Na hofu yake haikuwa hofu ya wezi tu. Ilikuwa hofu ya bwana wake, aliyemdhania kuwa mtu mgumu. Huu ndio ugonjwa ulio chini ya kufuli nyingi: mtu hamwamini Mungu kwamba atampa tena. Akishapata kitu kimoja kizuri hufikiri kwamba ndicho cha mwisho.

Upendo wa chombo waweza pia kumpeleka mtu pabaya kwa njia nyingine. Mpiga gitaa mashuhuri wa Marekani, B.B. King, aliyefariki mwaka 2015, alisimulia mara nyingi yaliyompata mwaka 1949 katika ukumbi wa dansi huko Twist, Arkansas. Ilikuwa wakati wa baridi, na ukumbi ulikuwa ukipashwa moto kwa mafuta ya taa yaliyowashwa ndani ya pipa. Watu wawili wakapigana, pipa likapinduka, moto ukashika nyumba. Wote wakakimbilia nje, na King pamoja nao. Kisha akakumbuka gitaa lake, lenye thamani ya dola 30 hivi, akarudi ndani ya moto kulichukua, na kidogo tu afe. Kesho yake alisikia kwamba watu wawili walikuwa wamekufa, na kwamba waliopigana walikuwa wakimgombea mwanamke aitwaye Lucille. Tangu hapo kila gitaa lake kubwa alilipa jina la Lucille, ili ajikumbushe asifanye tena upumbavu wa namna ile. Twampenda mtu huyu kwa hilo. Hakuacha kulipenda gitaa wala hakuacha kulipiga. Aliliwekea tu jina la kumwonya, kama vile sisi tunavyoning'iniza msalaba mlangoni.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi na siku zetu. Mwingereza David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd alinunua gitaa jeusi aina ya Stratocaster mwaka 1970, akalipiga miaka mingi katika nyimbo zilizosikika dunia nzima. Mwezi Juni 2019 aliliuza mnadani New York pamoja na magitaa mengine yapatayo 120. Lile jeusi peke yake lilipata dola 3,975,000, na mnada wote ukapita dola milioni 21. Fedha hizo alizitoa kwa ClientEarth, shirika la wanasheria wanaotetea mazingira. Hatumjui moyo wake, wala hatumhesabu katika watakatifu. Lakini tajiri wa Injili ya Luka alikusudia kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi, na huyu alifungua yake. Wakristo wenye gitaa moja tu wakitazama jambo hilo wanaweza kuona aibu kidogo, na aibu hiyo haitawadhuru.

Kwetu Tanzania wazee watakumbuka desturi iliyokuwa njema kwa upande mmoja na chungu kwa upande mwingine. Bendi kubwa za zamani, kama ile ya chama cha wafanyakazi, NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, zilikuwa na vyombo vilivyo mali ya shirika. Aghalabu mpigaji alikuwa hana gitaa lake. Akihamia bendi nyingine, aliliacha pale alipolikuta. Ilikuwa chungu, kwa kuwa mtu aliweza kupiga miaka mingi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Lakini gitaa halikulala. Jioni hii lilikuwa mikononi mwa huyu, mwakani mikononi mwa kijana aliyekuwa akichungulia dirishani.

Twarudi kwa Maandiko. Daudi alikuwa na kinubi, na Sauli alikuwa na mkuki. Roho mbaya ilipomsumbua mfalme, Daudi alichukua kinubi akapiga kwa mkono wake, na Sauli akapata nafuu. Kinubi kile kilikuwa mali ya mchungaji kijana, labda kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo, naye alikipiga mbele ya mtu ambaye siku moja angemrushia mkuki akiwa bado amekishika. Hakusema kwanza kiwekwe mahali salama. Kuna wagonjwa katika nyumba zetu, kuna wajane, kuna vijana waliokata tamaa, ambao nusu saa ya muziki mzuri jioni ingewafaa kuliko mashauri yetu mengi.

Kuhusu kanisani tutasema machache. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Desemba 1963 juu ya liturujia, ulikipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza, ukaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi vifae kwa ibada na kulingana na heshima ya hekalu. Mwenye gitaa asikasirike basi padre akimwambia apunguze sauti. Amplifaya iliyobuniwa ili mpiga gitaa asimezwe na tarumbeta isije ikawameza waimbaji. Na viongozi wa kwaya wahakikishe kwamba fundi wa umeme amekagua nyaya za kanisa na ule waya wa ardhi. Mwaka 1972 mpiga gitaa Leslie Harvey wa Scotland alikufa jukwaani Swansea, huko Wales, alipogusa kipaza sauti kisichokuwa na waya wa ardhi huku ameshika gitaa lake. Radi inapopiga, vyombo vyote vichomolewe. Gitaa lina sanduku, mpigaji hana.

Yabaki lile ombi la kwaya, na yule mtoto wa miaka 14. Hatumwambii baba atupe kufuli. Wezi wapo, na watoto wadogo wenye mikono ya uji wapo. Twamwambia amkalishe mwanawe kitini, amwonyeshe jinsi ya kufungua sanduku, jinsi ya kunyanyua gitaa bila kuligonga mlangoni, jinsi ya kukaza uzi polepole usikatike, kisha amwache apige, hata kama jirani watalalamika juma la kwanza. Kwaya nayo ipewe gitaa kwa Pasaka, mbele ya shahidi mmoja, ikiandikwa siku ya kulirudisha. Na atakayelichukua akabidhiwe pia kile kitambaa kikavu.