Kilti na Koti Lake

Mtu avaapo nguo chumbani peke yake hujisitiri. Avaapo ili atoke mbele za watu, husema neno kabla hajafungua kinywa. Kwa sababu hiyo uchaguzi wa nguo, ingawa waonekana kuwa jambo dogo, una swali la maadili ndani yake. Je, mvaaji ana deni gani kwa wale watakaomtazama, na watazamaji wana haki gani juu ya mvaaji? Swali hili lina mfano mwema katika nchi ya Uskoti, ambako mwanamume avaaye kilti hana budi kuamua koti gani na kizibao gani vifuatane nayo.

Kilti ni vazi la sufu lenye mistari inayokatana, marinda nyuma na ubapa mbele, lizungukalo kiuno na kukomea magotini. Ile iliyo kamili hula kama yadi 8 za kitambaa. Mbele yake huning'inia mkoba wa ngozi. Koti la suti ya kawaida halipatani nayo, maana urefu wake hufunika marinda na kugombana na mkoba. Basi koti la kilti hukatwa fupi. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Imetoka katika umbo la kitu chenyewe, wala haimwonei mtu.

Kanuni ya pili hutoka katika saa na shughuli. Mchana hufaa koti la twidi, kizibao cha kitambaa hicho hicho, na tai ndefu. Jioni, kwa karamu ya fahari, huvaliwa koti jeusi liitwalo Prince Charlie, lenye kola ya hariri, mikia mifupi nyuma na vifungo vya rangi ya fedha. Kizibao chake kina vifungo 3, nacho hukatwa chini kifuani ili shati jeupe na tai ya kipepeo vionekane. Kati ya hayo mawili liko koti la Argyll, ambalo kizibao chake huwa na vifungo 5. Hilo laweza kwenda harusini mchana na karamuni jioni pasipo kulaumiwa.

Kanuni hiyo ni adabu, na adabu si upuuzi. Mgeni ajaye na koti lifaalo humwambia mwenyeji kwamba siku yake si sawa na siku nyingine. Walakini iko kanuni ya tatu, isiyoandikwa popote, iliyozaliwa na kiburi: kupima utu wa mtu kwa hesabu ya vifungo vyake. Na afikiriwe kijana mwenye koti moja tu la twidi, alilorithi kwa baba yake, naye amealikwa harusi ya jioni. Aweza kukodi vazi zima kwa siku moja, kama wafanyavyo wengi. Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo, na ujira wake si haba. Aweza kubaki nyumbani, amnyime rafiki yake furaha ya kumwona. Au aweza kwenda na twidi yake, akabiliane na macho ya watu.

Wenye macho hayo wangefaa kukumbuka historia ya vazi wanalolilinda. Baada ya vita vya Culloden, Bunge lilipitisha sheria mwaka 1746 ya kuwakataza wanaume na wavulana wa Uskoti, isipokuwa askari wa mfalme, kuvaa mavazi ya watu wa milimani. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi 6. Kosa la pili, kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, katika sherehe zilizopangwa na Walter Scott, naye akavaa kilti. Wakubwa waliolidharau vazi wakaliona zuri. Na katika zama hizo hizo watu wa milimani walikuwa wakihamishwa katika mashamba yao ili kondoo wapate malisho. Vazi likapewa heshima waliyonyimwa wenyewe.

Yupo atakayesema kuwa desturi ya namna hii haina uzito, kwa kuwa si kongwe. Mwanahistoria Hugh Trevor-Roper, katika insha iliyotolewa mwaka 1983, alishikilia kwamba sehemu kubwa ya mila hiyo ilibuniwa katika zama za karibuni. Hata koti la Prince Charlie lina jina la Charles Edward Stuart, aliyefariki mwaka 1788, na mtindo wake ulizuka muda mrefu baada yake. Lakini umri si chanzo pekee cha thamani. Mti uliopandwa jana na ukapaliliwa leo ni mti pia. Kweli haidai vazi liwe kongwe. Yadai mvaaji asiliongezee umri, wala asilitumie kumfukuza mwenziwe.

Basi kijana yule na aende. Alipige pasi koti lake, avifute vifungo vyake, amweleze mwenyeji mapema hali yake, kwa kuwa kufanya hivyo ni adabu pia. Akiwa na uwezo wa koti jeusi akaliacha kwa uvivu, amemkosea mwenyeji. Akiwa hana, naye amekuja safi, deni lake limelipwa. Na amchekaye ndiye aliyevunja kanuni ya karamu. Watu waliopata kufungwa kwa ajili ya vazi lao waliacha urithi ulio bora kuliko vazi lenyewe, nao ni kujua uchungu wa kuhukumiwa kwa nguo. Auvaaye urithi huo chini ya koti lo lote, amevaa vema.