Anyamazaye Dukani, Je, Amedanganya?

Leo twaomba tusimame kidogo mlangoni pa duka. Mzee mmoja wa ufukoni mwa Ziwa Nyasa, si mbali na Mbamba Bay, aliweka akiba ya misimu miwili ya usipa ili anunue friza, samaki wake wasimwozee gari la wanunuzi linapochelewa. Alipanda milima hadi Mbinga mjini, nasi tukafuatana naye. Muuzaji alimsifia rangi, mlango na ukubwa wa chombo. Kwamba friza ilikwisha kutumika, na kwamba fundi aliwahi kuufungua mtambo wake, hakutamka neno. Wiki ya tatu barafu ikawa maji. Mzee akairudisha, akilipa nauli yake na ya friza, akaambiwa: "Mzee, mbona hukuuliza?"

Neno hilo limetukera. Umeme wa gridi ya Taifa ulifika mkoani Ruvuma mwaka 2018. Kabla ya hapo Songea na Mbinga zilitegemea zaidi mitambo ya dizeli. Kwa nyumba nyingi vyombo hivi ni vigeni bado. Atauliza nini mtu asiyejua la kuuliza?

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilipima jambo hili katika karne ya 13. Kasoro iliyo wazi, kama ya farasi mwenye jicho moja, muuzaji halazimiki kuitangaza, mradi bei iwe ya haki. Lakini kasoro iliyofichika, iwezayo kumtia mnunuzi hasara au hatari, hapana budi isemwe. Basi anyamazaye huku akijua amedanganya, ajapokuwa hakusema uongo hata mmoja.

Na kama muuzaji mwenyewe hakujua? Hapa ndipo penye uzito. Wapo wenye maduka wanaopokea mizigo kutoka Dar es Salaam jinsi ilivyofungwa, nao hutuambia kwamba wametapeliwa kwanza wao. Twawaamini, na twawahurumia. Mtakatifu Thoma naye amwona hana dhambi muuzaji wa namna hiyo. Ila akisha kuijua kasoro, yampasa amfidie aliyemwuzia. Huo wajibu wa pili ndio usahaulikao. Mfanyabiashara aliyeuziwa kibovu aweza kumdai aliyemletea, maana amjua kwa jina na watafanya biashara tena kesho. Mvuvi hana wa kumdai ila yeye. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inamlinda mnunuzi, lakini mzee wetu hakupewa risiti, wala sisi tuliosimama kando yake hatukukumbuka kuidai. Aibu hiyo ni yetu.

Tulipokuwa tukiteremka kurudi ziwani, mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Wanangu, mwaka jana niliuza debe la usipa lenye mchanga chini. Nilijua. Mnunuzi hakuuliza."

Tulimwuliza kama mnunuzi huyo anafahamika. Akasema ndiye yule mama auzaye samaki sokoni Mbinga, na kwamba Jumamosi atapanda tena mlima, safari hii na debe jingine lililopepetwa.