Mwalimu, Nitahitimu Lini?

Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka wa 1966. Alipofariki Februari 2025, swali hilo lilikuwa limeshakuwa msemo wa kila Mkenya. Mtu amekukanyaga kwa matatu na hasemi pole: je, huu ni ungwana? Mgeni amekuja saa ya chakula, tena na marafiki wanne: je, huu ni ungwana? Mimi nataka kulirudisha swali lilikotoka, studioni. Kijana anafunzwa utangazaji na mtangazaji mzoefu. Halipi karo, naye halipwi. Miezi inapita, sasa anaendesha kipindi cha alfajiri peke yake, na bado anaitwa mwanafunzi. Je, huu ni ungwana?

Sitajibu haraka, kwa sababu nimekuwa kijana huyo na nilipata mengi.

Mimi ni wa Myanga, kaunti ya Bungoma. Chuo kikuu niliacha mwaka wa pili, karo ilipokwama. Kwa mtu kama mimi, taasisi ya KIMC kule Nairobi, inayofunza utangazaji tangu 1961, iko mbali kwa kilomita na mbali zaidi kwa pesa. Lakini redio yenyewe iko karibu. Sulwe FM inaongea Kibukusu, West FM iko Bungoma mjini, na ukifika Kitale unaipata Imani. Enzi za Sauti ya Kenya hewa yote ilikuwa ya serikali. Leo mtangazaji anaweza kuwa mtu wa kwenu, mnayepatana naye sokoni. Ndiyo maana siku moja mtu wa aina hiyo alisikia sauti yangu kwenye harusi, nikiwa MC, akaniambia: kijana, njoo nikufunze. Jina lake na la stesheni nayaacha. Sisi tulimwita Mwalimu.

Alichonifunza hakiko kwenye vitabu. Alinifunza kusoma tangazo la kifo. Huku kwetu matangazo ya vifo ni kazi kubwa ya redio: familia inataka jamaa wa Kitale na wa Nairobi wajue maziko ni lini. Ukiyasoma kwa sauti ya kuuza sabuni, umewatukana waliofiwa. Ukiyasoma kwa kulia, hawasikii tarehe. Alinifunza kunyamaza sekunde moja baada ya jina la marehemu. Alinirekebisha herufi pia, maana ulimi wetu unapenda kumwita baba “papa”, na kwa Kiswahili papa ni samaki mwenye meno. Lakini hakutaka niongee kama mtu wa Nairobi. Alisema, wakusikie vizuri, lakini wajue umetoka wapi.

Mtu aliyekupa kitu kama hicho unamlipaje? Hapo ndipo ugumu wa swali ulipo. Fundi akikutengenezea kiatu, unauliza bei, unalipa, mnaachana. Mtu akikupa sauti yako mwenyewe ikiwa safi zaidi, hakuna bei ya kuuliza. Unabaki na deni ambalo halina kiasi.

Na deni lisilo na kiasi ni hatari. Mwenye kudai anaweza kudai milele, bila hata kuwa mtu mbaya. Mimi niliambiwa miezi mitatu. Mwezi wa tano nilikuwa nafungua stesheni saa kumi na moja alfajiri. Mwezi wa nane nilikuwa na wasikilizaji wanaonipigia simu kwa jina. Fea nilijilipia, bando la kutafutia habari nilijinunulia. Nikiuliza, jibu lilikuwa moja: vumilia, mvumilivu hula mbivu. Methali ni ya kweli, ila haisemi shamba ni la nani. Biashara zilikuwa zinalipia matangazo katikati ya kipindi nilichoendesha mimi. Mbivu zilikuwa zinaliwa.

Wapo watakaosema, si ungeondoka? Kwa aliyemaliza chuo, sawa. Ana cheti, anaweza kubisha mlango mwingine. Sisi tulioacha chuo, cheti chetu ni mdomo wa Mwalimu. Akisema “huyu nimemfunza, anaweza”, unaajiriwa. Akinyamaza, ile miaka yako haijawahi kuwepo. Mwaka wa 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa, na hiyo ni hatua nzuri. Lakini hata huko, bado utahitaji ushahidi kwamba ulifanya kazi unayosema ulifanya.

Wengine watasema kinyume: ukileta mkataba kati ya mwalimu na mwanafunzi, umegeuza undugu kuwa soko. Mwalimu wangu mwenyewe alisema hivyo, na hoja yake ina uzito. Yeye alijifunza kwa kubeba vifaa vya wakubwa, hakuna aliyemlipa. Alinipa saa zake za jioni, ambazo stesheni haikumlipia. Hakuona kwamba ananinyonya. Aliona ananilea.

Basi tuzungumze malezi. Sisi Wabukusu tunapeleka wavulana jandoni kila baada ya miaka miwili, mwaka wa namba shufwa, mwezi wa Agosti. Hakuna mafunzo mazito kuliko hayo, na hakuna anayeyaita soko. Lakini kijana anayeingia anajua kuna siku ya kutoka. Siku hiyo ina jina, khukhwalukha. Anavalishwa nguo mpya, anapewa mawaidha mbele ya watu, na kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kumwita mtoto. Wazee hawakuona kwamba kuweka mwisho kunaharibu upendo. Waliona kwamba malezi yasiyo na mwisho yanamfanya mtu kuwa mtoto wa kudumu.

Hicho ndicho kilichokosekana pale studioni. Pesa ilikosekana, ndiyo, lakini zaidi ilikosekana siku ya kutoka. Nina imani ningeweza kufanya miezi sita bure na nikashukuru hadi leo, kama ningejua kwamba mwezi wa saba nitaitwa mtangazaji. Tofauti ya mwanagenzi na kibarua asiyelipwa ni kwamba mwanagenzi anasogea kuelekea mahali.

Sheria inakubaliana na wazee. Sheria ya Mafunzo ya Viwandani ya Kenya inataka mkataba wa uanagenzi uwe wa maandishi, na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Ukishaanza kufanya kazi ambayo bila wewe ingelazimu mtu mwingine aajiriwe, wewe ni mfanyakazi, hata kama bado unamwamkia bosi kwa jina la Mwalimu.

Jibu langu basi ni hili. Kumfunza kijana bure ni ungwana mkubwa. Kumtumia kijana bure huku ukimwambia anafunzwa si ungwana. Na kinachotenganisha hayo mawili mara nyingi ni tarehe.

Kwa hivyo msee, ukipata wa kukufunza, iwe redio, kamera au kinyozi, nenda. Beba nyaya, chemsha chai, amka alfajiri. Lakini siku ya kwanza, kabla hujashika maiki, uliza kwa heshima: Mwalimu, nitahitimu lini, na siku hiyo utasema nini kunihusu mbele ya watu? Anayekupenda hatakasirika. Atafikiri kidogo, kisha atakutajia mwezi.