Nilidhani Yuko na Wewe



Likizo iliyopita nilisafiri na dada yangu na mwanawe wa miaka miwili, mtoto asiyetulia hata dakika. Tukashuka stendi ya Msamvu, Morogoro, kununua maji. Kugeuka, mtoto hayupo!

"Si uko naye?"

"Nilidhani yuko na wewe!"

Jamani! Tulimkuta kwa muuza machungwa, anacheka, chungwa mkononi. Dada alimkumbatia akilia. Mjomba mtu, miguu inatetemeka.

Siku hiyo niliwaelewa Maria na Yosefu. Luka 2:41-52 inasema walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani Yesu yumo msafarani. Walimpenda sana, ila walidhani tu. Injili haisemi kwamba walilaumiana. Inasema walirudi Yerusalemu, wakamwona hekaluni baada ya siku tatu.

Nami naishi seminarini, nasali kengele ikilia, halafu nadhani Yesu yupo tu. Wewe je? Rozari iko shingoni, lakini mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa lini?

Ukigundua umemwacha nyuma, usione aibu kurudi. Kitubio kipo. Tabernakulo ipo. Anakungoja.

Familia Takatifu, mtuombee.