Faida Ni Nini?

Bwana mmoja alikamua mafuta ya mawese. Jioni alipata chupa tatu, akajisifu mbele ya jirani zake. Mkewe akamwuliza: «Na kuni tulizochoma, umezihesabu? Na maji niliyoteka tangu alfajiri?» Yule bwana akanyamaza. Alihesabu kilichoingia nyumbani, hakuhesabu kilichotoka.

Ndugu wasomaji, kosa hilo si lake peke yake. Hata wenye elimu kubwa huweza kuanguka humo. Tutazame habari ya mafuta ya mwani.

Mwani tunaousema hapa ni mimea midogo sana, ile inayotia maji ya bwawa rangi ya kijani. Aina nyingine zina mafuta ndani, nayo yaweza kugeuzwa kuwa mafuta ya motokari. Mwani huota upesi, wala hautwai shamba la chakula. Kwa hiyo serikali ya Marekani iligharamia uchunguzi wake tangu mwaka 1978 hata 1996. Mwaka 2009 kampuni ya ExxonMobil iliingia katika kazi hiyo. Mwanzoni mwa 2023 ikajulikana kwamba imeiacha.

Ugumu uko wapi? Katika lita moja ya maji ya bwawa, kwa kawaida mwani haufiki gramu moja. Lazima maji yazungushwe kwa mashine, mwani uchujwe, ukaushwe, kisha ukamuliwe. Kazi zote hizo zataka moto na umeme. Tena mwani wenyewe wataka mbolea, na mbolea ya nitrojeni hutengenezwa viwandani kwa gesi nyingi ya ardhini.

Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia walipima kilimo hicho. Waliona kwamba chaweza kudai nguvu na maji mengi kuliko kilimo cha mahindi, na kutoa hewa ya kaboni zaidi. Mwaka 2012 Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani lilisema hivi: kupata sehemu 5 tu katika 100 za mafuta ya safari za nchi ile, kwa njia za wakati ule, kungedai nguvu, maji na mbolea kupita kiasi.

Je, wachunguzi walikosa? Hapana, kutafuta si kosa. Wale wa Virginia walionyesha hata njia iliyo bora: kulisha mwani kwa maji machafu ya miji, ambayo yana mbolea tayari. Kosa ni kusifu jambo kabla ya kulipima. Maana gharama usiyoihesabu haikupotea. Kuna mwingine anayeilipa, labda mtu wa mbali, labda mtoto asiyezaliwa bado.

Basi tukisikia sifa za kitu kipya, tuulize kama yule mama: ni kuni za nani zilizochomwa, na maji yametekwa na nani? Mwenye kuuliza hivyo asiitwe adui wa maendeleo. Jioni ile bwana alikasirika kidogo. Lakini safari ya pili alijenga jiko lisilokula kuni nyingi.